Kengele ya Jumamosi

Kwa wewe uliyelipata gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, labda limefungiwa sabuni, nakueleza kwa ufupi nilipofika. Mimi ni fundi umeme. Natengeneza pasi, feni na majokofu katika kibanda kilichobanwa kati ya kinyozi na duka la vioo. Juma lililopita nilisimulia nilivyokwenda kwenye mkutano wa wanafunzi wa zamani wa shule yetu nikiwa nimevaa koti la shemeji yangu, na jinsi kila aliyesimama alivyoahidi kitu cha maana. Huyu saruji, yule vitabu, mwingine tangi la maji. Zamu yangu ilipofika, kiherehere kikanipanda, nikaahidi kengele.

Si kengele ya kugonga kwa chuma. Kengele ya umeme, inayolia yenyewe kuanzia asubuhi mpaka jioni bila mkono wa mtu.

Ukumbi mzima ulipiga makofi, kwa sababu enzi zetu mpiga kengele nilikuwa mimi. Ndicho cheo pekee nilichowahi kupewa na binadamu wenzangu. Mpaka leo niliosoma nao hawaniiti kwa jina, wananiita Kengele, na mimi naitika kwa furaha kama nimeitwa mheshimiwa.

Mkutano huohuo uliamua jambo jingine, na hilo ndilo lililonikosesha usingizi. Chama chetu kitamsomesha mtoto mmoja wa shule ile mpaka amalize chuo. Mtoto mmoja tu, atakayeshinda mtihani wa chama. Binti yangu yuko mwaka wa mwisho pale, na kichwa chake hakikutoka kwangu, jambo ambalo mke wangu hunikumbusha bila kuulizwa. Mimi kwa pasi na feni zangu nisingeweza kumfikisha popote zaidi ya geti la shule hiyo. Nafasi ile ilikuwa ndiyo njia yake, na nyingine haikuwepo.

Sasa tuendelee. Vaa miwani kama unayo, maana ujinga unaokuja ni mkubwa.

Ijumaa nilipanda ngazi kuifunga kengele yangu juu ya mlango wa ofisi. Mwalimu Mkuu, mama mpole asiyependa ugomvi na wafadhili, akaniletea ratiba ya shule ili niitegeshe mashine kwa saa zinazofuatwa siku hizi. Nilimrudishia karatasi yake bila hata kuikunjua.

"Mwalimu," nikamwambia, "saa za shule hii nazijua kuliko ninavyoijua sura yangu."

Akanitazama kidogo, akaondoka na karatasi yake. Huo ndio ubaya wa kuwa mfadhili. Watu wanakuacha uharibu kwa heshima zote.

Basi nikaitegesha mashine kwa kichwa changu. Kengele ya kuingia, ya mapumziko, ya kurudi darasani, ya kufagia, ya michezo, zote kama zilivyokuwa sisi tukiwa na kaptura, Jumatatu mpaka Jumamosi. Maana enzi zetu Jumamosi ilikuwa siku ya shule mpaka saa ya kukaguliwa usafi, na ikiisha ililia kengele ndefu. Aliyeisikia aliweka kalamu chini, akasimama, akaacha karatasi mezani, akatoka kupanga mstari uwanjani. Aliyechelewa alimkuta Mwalimu wa Zamu mlangoni na fimbo yake, na hapo hapakuwa na maelezo.

Jumamosi asubuhi tukaizindua. Mwenyekiti wa chama chetu, mkandarasi mwenye tumbo la heshima na sauti ya kuamrisha vibarua, alikata utepe. Kengele ikalia. Nesi, ambaye zamani alikaa dawati la mbele yangu, akafuta machozi. Mtu mzima na cheo chake hospitalini alinishika mkono akasema nimemrudishia utoto wake. Nilijibu kwa unyenyekevu wa uongo kwamba si kitu. Moyoni nilikuwa naangalia ukuta gani ungefaa kutundikwa picha yangu.

Baada ya hapo watoto wakaingia kwenye mtihani wa chama. Vyumba vilikuwa viwili, na kila mtoto aliingia kwa kufuata alivyofika, cha kwanza kikijaa ndipo cha pili. Chumba cha kwanza kilisimamiwa na Mwenyekiti na Nesi, kwa kuwa walitaka kuwa karibu na watoto ambao mmoja wao watamsomesha. Cha pili kilisimamiwa na mwalimu kijana aliyehamia hapo mwaka huu, asiyeijua shule yetu ya zamani hata kwa hadithi.

Binti yangu alichelewa kuingia, kwa kuwa nilimwomba kwanza anisaidie kurudisha ngazi stoo. Ngazi ni ndefu na mgongo wangu ni wa kukopa. Akaingia wa mwisho, chumba cha pili.

Kumbuka hiyo ngazi. Kuna watu baadaye waliikumbuka kuliko mimi.

Nilibaki barazani peke yangu nikiitazama kengele. Kulikuwa na utulivu mzuri, ule wa watoto wanaoandika. Nikajisemea, hata kama binti atakosa, baba yake ameacha alama hapa. Ndipo alama yenyewe ikalia.

Ilikuwa kengele ndefu. Ile ya Jumamosi.

Ningependa kukwambia kwamba nilishtuka nikakimbilia swichi. Sikukimbia. Miguu yangu ilinitangulia. Niliweka bisibisi chini, nikafunga mikono nyuma, nikatembea mpaka uwanjani na kusimama palepale nilipokuwa nikisimama nikiwa mtoto, karibu na bomba. Sikuwa nafikiri kitu. Nilikuwa naogopa fimbo ya mtu aliyestaafu kitambo.

Na sikuwa peke yangu. Kutoka chumba cha kwanza nilisikia sauti ya Mwenyekiti ikiamuru kalamu chini, na kufumba na kufumbua watoto wakamwagika nje wakitazamana. Nesi alikuwa amekusanya karatasi zote kifuani, haraka, kama mtu anayeanua nguo mvua ikija. Kisha Mwenyekiti mwenyewe akatoka, akapita mbele yangu bila kuniona, akaenda kusimama mstari wa warefu. Nesi akaja upande wa wasichana, akainama kupandisha soksi ambazo hakuvaa.

Tukasimama pale tumenyooka, watu wazima wenye wajukuu nyumbani, tukingoja kukaguliwa kucha.

Watoto hawakujua mstari ni kitu gani. Wao walijikusanya vikundi vikundi na kufanya kinachofanywa na kila mtoto aliyetoka kwenye mtihani. Wewe la nne umepata ngapi? Lile la mwisho ulijibu nini? Mpaka Mwalimu Mkuu anatoka ofisini, kila mtoto wa chumba cha kwanza alikuwa anajua majibu ya wenzake wote.

Mwalimu Mkuu alitembea polepole mpaka mbele ya mstari wetu.

"Samahani," akasema, "wazee wangu, mnafanya nini hapa?"

Hakuna aliyemjibu. Kwenye mstari haturuhusiwi kuongea.

Ilipotuingia akilini, Mwenyekiti alibadilika rangi. Karatasi za chumba cha kwanza zilikuwa nusu tupu, na kuwarudisha watoto wakati wameshaambizana majibu haikuwezekana. Chumba cha pili, wakati huo, vichwa vilikuwa vimeinama palepale. Kengele iliwapita juu kwa juu, wakaendelea kuandika mpaka mwalimu wao alipowaambia muda umekwisha. Wakatoka nje wakinyoosha vidole, wamechoka vizuri.

Hapo bado nilidhani kosa langu ni la kuchekwa tu. Nilishaanza hata kutengeneza namna ya kulisimulia kibandani. Kisha mama mmoja muuza vitambaa, aliyefika kumchukua kijana wake aliyetoka chumba cha kwanza bila kufika hata swali la tano, akauliza kitu kidogo sana.

"Yule binti aliyeingia wa mwisho chumba cha pili, ni wa nani?"

Mwalimu Mkuu akanitazama. Halafu Nesi akanitazama. Halafu na mimi, sijui kwa nini, nikageuka nyuma kumtafuta huyo anayetazamwa.

Tulikaa chumba cha walimu, milango imefungwa. Mwenyekiti alisimama, hakutaka kiti. Mtu aliyetoka kupanga mstari mbele ya watoto ana aibu ya kumtwisha mtu, na mtu nilikuwa mimi.

Akaeleza, tena kwa mpangilio mzuri, jinsi nilivyofanya. Kwamba mimi mpiga kengele wa zamani nilijua fika sisi wa zamani tukiisikia ile kengele hatuwezi kukaa. Kwamba nilijua mwalimu kijana haijui. Kwamba nilimchelewesha mwanangu kwa makusudi, eti abebe ngazi, ili aangukie chumba cha huyo kijana. Kwamba nilikataa ratiba ya Mwalimu Mkuu kwa sababu nilikuwa na yangu. Na kwamba zawadi yote ya kengele, tangu siku ya mkutano, ilikuwa ni mtego wa kuwanyang'anya wenzake binti yangu kalamu mikononi ili yeye apite.

Nilipokuwa namsikiliza nilimwonea wivu huyo fundi aliyekuwa akimsema. Alikuwa mtu mwenye akili nyingi. Ningekuwa mimi ni yeye, nisingekuwa natengeneza pasi.

"Mwenyekiti," nikasema, "mimi sikujua. Nimesahau tu kwamba Jumamosi siku hizi hakuna shule."

"Umesahau," akasema mama wa vitambaa. "Na mwanao ameangukia chumba cha pili kwa bahati tu."

Tangu nizaliwe watu wananiona mjinga bila mimi kuwaomba. Siku niliyohitaji waamini hivyo, ndiyo siku waliyokataa.

Ikabidi nijitetee kwa kujishitaki. Niliwakumbusha jokofu la jirani yangu nililolitengeneza likaanza kuchemsha maziwa, ambalo wasomaji wa siku nyingi mnalijua. Niliwakumbusha spika za harusi ya mpwa wangu, nilivyozifunga mpaka wageni wote wakasikia bibi harusi akimgombeza bwana harusi chumba cha kubadilishia nguo. Nikawaambia kibandani kwangu taa haiwaki, natumia ya kinyozi. Nilizitoa fedheha zangu moja moja na kuziweka mezani kama vyeti.

Mama wa vitambaa akasikiliza zote. Kisha akasema, "Anajifanya."

Ndipo Mwenyekiti akatoa uamuzi wake, na nautaja vizuri ili tuelewane. Ikionekana sikujua kengele italia, basi ni ajali, na watoto wote wa vyumba vyote viwili watafanya mtihani mpya pamoja. Ikionekana nilijua, wengine watarudia, lakini binti yangu jina lake litafutwa na hatakanyaga mtihani wa chama tena. Jambo zima likabaki hapo: nilijua, au sikujua.

Mwalimu Mkuu akashauri mke wangu aitwe, maana nyumbani si mbali.

Alikuja na kanga yake ya jikoni, mikono bado ina majimaji. Akasimuliwa yote. Nilimtazama kwa macho ya kuomba huruma. Hakunitazama. Alimsikiliza Mwenyekiti mpaka mwisho, kisha akavuta kiti akakaa.

"Shemeji," akamwambia Mwenyekiti, "huyu nimekaa naye tangu nikiwa msichana. Sijawahi kumwona akipanga jambo likatokea alivyopanga. Hata mara moja. Kama angekuwa na uwezo wa kupanga hayo unayosema, mimi leo ningekuwa nimevaa kama mkeo."

Nesi akacheka kwanza, akajizuia, akashindwa. Mwalimu Mkuu akaangalia dirishani, mabega yakimtikisika. Mke wangu wala hakucheka, aliendelea kutaja mambo ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimeyasahau, na mengine nilidhani hayajui. Alieleza nilivyokwenda kumposa kwenye nyumba isiyo yao nikakubaliwa, ikabidi wajomba zangu waende kuomba radhi. Sijawahi kuvuliwa nguo hadharani namna ile, na sijawahi kumpenda mke wangu kama dakika zile.

Mwenyekiti mwenyewe akakaa. Akatoa leso akafuta uso. Niliona kabisa kwamba ananiona tena mimi, Kengele wa siku zote, mtu asiye na madhara kwa makusudi.

"Basi," akasema, "naona hapa tuna mjinga, hatuna mwizi."

Sijawahi kusifiwa vizuri hivyo. Nilitaka kusimama nimpe mkono.

Lakini mama wa vitambaa aliinua kidole. Akasema yeye hana neno zaidi, ila kwa kuwa baba ameongea na mama ameongea, aulizwe na mtoto, kisha yeye ataridhika aende zake.

Hapo ndipo ningenyamaza. Mtu yeyote mwenye akili angenyamaza. Mimi nilidakia.

"Mwiteni," nikasema, na kifua nikakitoa. "Mwanangu hajawahi kusema uongo. Atakalolisema, mimi nalikubali hapahapa mbele yenu."

Mama wa vitambaa akawageukia wengine. "Mmemsikia."

Binti yangu aliletwa. Alisimama katikati ya chumba, mikono nyuma, kidole cha kati kina wino. Usoni alikuwa na ile furaha ndogo ya mtoto aliyejua anachoandika, na anaficha asije akaonekana anajivuna. Nilimwonea huruma, kisha nikamwonea fahari, vyote kwa pamoja.

Mwalimu Mkuu akamwuliza kwa upole. "Mwanangu, sema kweli, usiogope. Wewe na baba yako mliwahi kuzungumza habari za kengele kulia leo?"

Binti alinitazama akatabasamu. Nikatabasamu. Nilijua atasema hapana.

"Ndiyo, Mwalimu," akasema. "Jana. Nilimwambia baba siku hizi Jumamosi hakuna kengele, na kesho tuna mtihani, aizime. Akanijibu, 'Najua, mwanangu, niachie mimi.'"

Mimi nilikuwa tayari kuapa kwamba hakuna kitu kama hicho. Nilikuwa nimeshainuka kwenye kiti. Halafu nikakumbuka.

Jana mchana. Nilikuwa juu ya ngazi, simu nimeibana sikioni kwa bega, namwambia mwenzetu aliye mbali jinsi watu watakavyolia wakiisikia. Binti alikuwa chini ameshika ngazi nisianguke. Alisema kitu. Akakirudia. Nikamjibu yale ninayowajibu wateja, ninayomjibu mama yake, ninayomjibu kila mtu anayeongea wakati mimi najisikiliza. Sikusikia hata neno moja la mtoto. Lakini hilo neno "najua" nililisema mimi, kwa mdomo wangu.

Nani angenielewa? Baba ameambiwa waziwazi, akajibu anajua, akaiacha ilie. Na mke wangu, ambaye alikuwa amewaeleza ujinga wangu wote, hakuwa na neno la kuueleza huu. Alikuwa ameweka mkono mdomoni.

Kilichoniumiza zaidi ni uso wa binti yangu. Bado alikuwa anatabasamu. Alidhani amenisaidia. Alidhani wakubwa wanatafuta ukweli, na yeye alikuwa nao, akawapa.

Mwenyekiti akasimama tena. Sauti yake haikuwa ya hasira safari hii, na hilo lilinitisha kuliko hasira.

"Kengele," akasema. "Mtoto alikwambia, au hakukwambia?"

Nikisema aliniambia, jina lake linafutwa leo, na mimi ndiye niliyelifuta. Nikisema hakuniambia, mtihani anaupata, lakini nimemfanya mwongo mbele ya walimu wake, yeye ambaye katika chumba kizima hicho ndiye peke yake aliyekuja na kweli bila kusukumwa. Na angenisikia nikimfanya hivyo. Alikuwa amesimama hatua chache tu kutoka kwangu.

Tabasamu lilianza kumtoka. Alikuwa anatazama uso wangu, kisha wa mama yake, anaelewa kidogo kidogo.

"Baba?" akaniita.

Mwenyekiti akarudia swali. Nililisikia lote, neno kwa neno.